Python imeitunza ahadi yake ya pickle, sisi ndo tunaisoma vibaya

Kuna lawama moja naisikia sana kwa madevelopa wa Python na kila nikiisikia natamani tuichambue vizuri, kwamba Python haijali data ya zamani, ukiapgredi tu mafaili yako ya pickle (njia ya Python ya kuhifadhi vitu vya programu kwenye faili ili uvirudishe baadae) yanakufa. Si kweli. Maelezo rasmi ya Python yanasema wazi kwamba pickle itaendelea kusomeka kwenye matoleo yanayofuata, ili mradi umechagua protokali (toleo la namna ya kuandika baiti) inayofaa na msimbo wako unashughulikia tofauti za aina za data kati ya Python 2 na Python 3, na hiyo ahadi wameitunza muda mrefu kuliko programu nyingi zinavyoishi. Faili la protokali 0, ile ya maandishi matupu ya tangu miaka ya 1990, Python ya leo bado inajua kulisoma. Kwa hiyo tukiuliza mbona mafaili yanagoma, inabidi kwanza tuangalie ahadi yenyewe ilihusu nini, na hapo ndo wengi tunapotea, maana ilihusu namna baiti zinavyopangwa na kusomwa, haikuwahi kuhusu klasi zako (michoro ya vitu unayoiandika mwenyewe kwenye msimbo) wala laibrari ulizotumia.

Ukiichungulia pickle kwa ndani (kuna moduli inaitwa pickletools inakuja na Python yenyewe, ijaribu siku moja) utakuta ni mlolongo wa maagizo madogo madogo: chukua namba hii weka pembeni, chukua stringi hii (maandishi), tengeneza kamusi, haya sasa nenda kwenye moduli fulani ulete klasi fulani, ijaze na hivi vitu. Klasi yenyewe haimo. Msimbo wake haumo. Kilichomo ni jina la moduli na jina la klasi, basi. Ni kama barua inayosema "nenda kwa fundi aliye nyuma ya soko, mzigo wako anao", barua inaweza kukaa miaka ishirini ikisomeka kila herufi, ila fundi akihama mzigo huupati na barua haina kosa lolote. Umebadilisha jina la faili kutoka modeli.py kwenda models.py? Pickle zote za zamani bado zinaita modeli. Umeitoa klasi kwenye folda hii ukaipeleka ile ili mradi uonekane umepangika? Vilevile. Kazi ya usafi ambayo kila mtu anakusifia kwenye timu ndo inayovunja data, na haivunji siku ile ile, inavunja siku mtu atakapohitaji faili la mwaka juzi.

Na wenyewe waliotengeneza Python walilijua hili. Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008 moduli kibao za ndani zilibadilishwa majina, `__builtin__` ikawa `builtins`, `copy_reg` ikawa `copyreg`, `Queue` ikawa `queue`, na kama wangeacha hivo hivo hakuna pickle ya maana ya Python 2 ingefunguka. Walichofanya ni kuweka ndani ya Python 3 jedwali la majina ya zamani na majina mapya, lipo mpaka leo kwenye moduli ya `_compat_pickle`, kila pickle ya zamani ikiita jina la kale inaelekezwa kwenye jipya, na hata ukiandika kwa protokali za chini ili Python 2 isome wanakugeuzia majina kurudi nyuma. Mtu aliyekaa akaandika jedwali hilo alifikiria data za watu asiowajua. Swali ni je, wewe kwenye projekti yako una jedwali kama hilo? Wengi hatuna, alafu tunailaumu lugha.

Pale ambapo kweli palivunjika, na hapa siwatetei, ni kwenye stringi. Python 2 ilikuwa na aina moja ya `str` iliyobeba vyote viwili, maandishi na baiti ghafi, picha uliyoisoma kutoka kwenye faili na jina la mteja vyote ni `str`. Python 3 ikatenganisha. Sasa pickle ya Python 2 inafika Python 3 ikiwa na agizo linalosema "hapa kuna stringi", na Python 3 haina namna ya kujua kama mwandishi alimaanisha maandishi au baiti, inabidi ikisie, na kwa kawaida inajaribu kusoma kama ASCII (seti ya herufi 128 za kawaida za Kiingereza, namba na alama). Ikikutana na baiti ya juu ya 127 inatupa `UnicodeDecodeError`.

Kwetu tunaoandika Kiswahili hii kitu ina mtego wake wa pekee, na sijaona mtu akiuzungumzia. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu wala chini, karibu kila neno linaingia ndani ya ASCII, kwa hiyo unaweza kuhamisha pickle elfu nzima za majina na maelezo ya Kiswahili bila kosa hata moja ukaona umemaliza, kumbe bado. Kuna ng'ombe, kuna ng'ambo, kuna kung'oa. Ile alama ya juu ukiichapa kawaida ni ASCII haina neno, ila mtu akiandika kwenye Word au kwenye simu inayojifanya inarekebisha anapata ile alama iliyopinda, na hiyo kwenye UTF-8 (mpangilio unaobeba herufi za lugha zote) ni baiti tatu, E2 80 99. Ndo maana utakuta kosa linasema imeshindwa baiti `0xe2`, na unakaa unatafuta herufi ya Kifaransa wakati kilichokushinda ni ng'ombe.

Dawa inayopendekezwa na wengi ni kuandika `encoding='latin1'` (soma baiti kama latin1, seti ya herufi za Ulaya Magharibi) wakati wa kufungua, na kwa safu za NumPy (laibrari ya hesabu za namba) na vitu vya `datetime` vilivyoandikwa na Python 2 hiyo ndo lazima, maelezo rasmi yenyewe yanasema hivo. Inafanya kazi kwa sababu latin1 ina nafasi 256 na kila baiti inapata herufi yake moja, hakuna kinachopotea. Ila kutopotea na kusomeka ni vitu viwili tofauti. Ile ng'ombe yako itafunguka bila kosa lolote, alafu katikati ya neno pana `â` na takataka mbili zisizoonekana, na mfumo utaendelea na safari, utachapisha risiti, utatuma meseji. Kwa hiyo ukishafungua kwa latin1 inabidi upite kwenye kila uga wa maandishi urudishe baiti kwa `.encode('latin1')` kisha usome upya kwa `.decode('utf-8')`, kama kweli maandishi yalikuwa UTF-8. Nani anajua uga upi ni maandishi na upi ni baiti? Yule aliyeandika mfumo. Faili lenyewe halijui.

Hadi hapo nimezungumzia kusoma ya zamani kwa mashine mpya. Upande wa pili ni mashine ya zamani kusoma data mpya, na huo Python haijawahi kuuahidi hata siku moja, lakini ndo unaoumiza watu wengi saivi. Protokali 2 ilikuja na Python 2.3 mwaka 2003, ya 3 ikaja na Python 3.0 na Python 2 haiisomi kabisa, ya 4 ikaja na 3.4 mwaka 2014, ya 5 na 3.8 mwaka 2019. Ile inayotumika usipochagua kitu nayo inasogea, ilikuwa 3, kuanzia 3.8 ikawa 4, na kwenye 3.14 ya Oktoba 2025 ikawa 5. Sasa chukua mfumo wenye seva mbili zinazoshirikiana Redis moja (hifadhi ya data ya haraka), umeapgredi moja leo na nyingine utaapgredi kesho usiku watu wakilala. Kwa hizo saa chache seva mpya inaandika na ya zamani inasoma. Kama mtu aliandika `pickle.HIGHEST_PROTOCOL` kwa sababu alisoma mahali kwamba ina spidi, na seva moja ni 3.8 nyingine ni 3.7, ya zamani itagoma na kusema haijui protokali 5. Hakuna aliyevunja ahadi hapo. Namba ya protokali ilitakiwa iandikwe kwa mkono, 4 ni 4, na ibadilishwe siku seva zote zimeshapanda.

Mfano unaotokea sana kwa vijana wa mashine lerning ni huu, na nauweka kwa kirefu kwa sababu naona watu wanapoteza siku nzima. Unatreni modeli kwenye Google Colab (mashine za Google unazotumia kwa kivinjari) maana ni bure na ina nguvu, Colab wanaapdeti laibrari zao mara kwa mara, kwa hiyo huko una NumPy 2. Unaseva kwa pickle au joblib (ambayo ndani yake ni pickle ile ile), unaipeleka kwenye VPS (seva ya kukodi) ya bei nafuu yenye Ubuntu 20.04, unaiita, inakujibu `No module named 'numpy._core'`. Unaondoa NumPy unaiweka tena, jibu lile lile. Kilichotokea ni kwamba NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, iliipa moduli yake ya ndani jina jipya, kutoka `numpy.core` kwenda `numpy._core`, na pickle yako imeandika jina jipya. Ubuntu 20.04 inakuja na Python 3.8, na toleo la mwisho la NumPy linalokubali Python 3.8 ni 1.24, ambalo hilo jina halilijui. Hata ukiapdeti mara kumi pip (kisakinishi cha laibrari za Python) itakuishia hapo hapo 1.24. Angalia ilivyo kwa upande wa pili: pickle ya NumPy 1 ukiileta kwenye NumPy 2 inafunguka, waliacha njia ya majina ya zamani kwa makusudi. Nyuma wamelinda, mbele hawakuahidi.

Scikit-learn, laibrari ya mashine lerning, wao wako wazi zaidi, wanasema kabisa kwamba kufungua modeli kwa toleo tofauti na lililoiandika hawalisapoti, na kuanzia 1.3 ya mwaka 2023 wana onyo lenye jina lake, `InconsistentVersionWarning`. Toleo hilo hilo la 1.3 liliongeza uwezo wa miti ya maamuzi kushughulikia data zilizokosekana, kwa hiyo kila tawi la mti likapata uga mmoja zaidi, na modeli za miti za kabla yake zikawa hazifunguki tena. Hao waliokataliwa naona wana bahati. Wenye shida kubwa ni wale modeli zao zilifunguka na onyo dogo wakalizima kwa `warnings.filterwarnings`, maana onyo lile linakuambia kwamba majibu yanaweza kuwa batili na wewe hutajua. Modeli inayoamua nani apewe mkopo, ikibadilisha majibu kidogo kidogo bila kupiga kelele, anayeumia ni mtu ambaye hajui kama kuna kitu kinaitwa pickle.

Hiyo tabia ya kunyamaza ndo ugomvi wangu wa kweli na pickle. Kwa klasi za kawaida inaporudisha kitu haiiti `__init__` (metodi inayoandaa kitu kipya), inatengeneza kitu kitupu na kukijaza zile sifa zilizokuwa zimehifadhiwa. Leo umeongeza sifa mpya, tuseme `sarafu`, na kwenye `__init__` umeweka thamani ya kuanzia, unaona umejilinda. Pickle ya jana itafunguka vizuri kabisa ila haina `sarafu`, na kosa litakuja sehemu nyingine kabisa ya programu, pengine wiki tatu baadae, pale tu msimbo utakapoigusa, na anayesoma kosa hilo hatawaza pickle. Njia ya kuzuia ipo, `__setstate__`, metodi ambayo pickle inaiita inaporudisha kitu, unaweka na namba ya toleo ndani ya data yako, ukifungua unaangalia toleo gani unajaza yaliyokosekana. Ni mistari kumi. Projekti nyingi nilizosoma hazina.

Java walichagua njia nyingine. Mfumo wao wa serialaizesheni (kugeuza vitu kuwa baiti za kuhifadhi) ulikuja na JDK 1.1 mwaka 1997 na kila klasi ina namba, `serialVersionUID`, inayoandikwa ndani ya data, namba zisipolingana unapata `InvalidClassException` hapo hapo mlangoni. Usipoiandika mwenyewe Java inaikokotoa kutokana na umbo la klasi, sasa ukiongeza hata metodi moja ya public isiyogusa data kabisa namba inabadilika na data yote ya zamani inakataliwa. Watu waliichukia sana hiyo. Mimi kwa data ya pesa naona kelele za mlangoni ni bora mara mia kuliko ukimya wa pickle, ingawa Java nayo haijakamilika, maana ukiiandika namba kwa mkono usiibadilishe, uga mpya unakuja na 0 au null kimya kimya, na salio la 0 sio sawa na salio lisilojulikana. Mark Reinhold, mbunifu mkuu wa Java, mwaka 2018 alikiri hadharani kwamba kuingiza serialaizesheni ile ilikuwa kosa baya.

PHP niipitie haraka kwa sababu wenye tovuti za WordPress wanaijua bila kujua jina lake. `serialize` ya PHP inaandika urefu wa kila stringi kwa baiti kabla ya stringi yenyewe, na WordPress inahifadhi mipangilio mingi hivo kwenye jedwali la `wp_options`. Mtu akihamisha tovuti kwenda domeni mpya akafanya tafuta-na-badilisha kwenye faili la SQL, urefu haulingani tena, na mipangilio inapotea. WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa amri) wana amri ya `search-replace` inayojua kurekebisha urefu, tumieni hiyo.

Sasa kuna sababu nyingine inayofanya niseme data ya kukaa miaka isiwekwe kwenye mifumo ya namna hii, na haihusu uzembe wa mtu. Ni usalama. Kama pickle ni maagizo, basi mtu mbaya anaweza kuandika maagizo yake, na kufungua tu faili kunatosha kuendesha amri kwenye mashine yako, Python wameliweka onyo hilo juu kabisa ya ukurasa. .NET (jukwaa la programu la Microsoft) walikuwa na ndugu yake anaitwa BinaryFormatter, walianza kuonya watu rasmi kwenye .NET 5 mwaka 2020, na kwenye .NET 9 ya Novemba 2024 wakaitoa, ukiiita inakutupia kosa. Waliacha kifurushi cha pembeni kisicho na sapoti na moduli mpya ya kusoma data hizo bila kuziamsha kuwa vitu, ila ujumbe umeeleweka: uwezo wa kusoma data ya miaka ishirini uliondolewa kwa makusudi, na kwa sababu nzuri. PyTorch, laibrari nyingine ya mashine lerning, nao kwenye 2.6 ya Januari 2025 walibadilisha `torch.load` ili kwa kawaida ikubali uzito (namba za modeli) tu, `weights_only=True`, na mafaili mengi ya modeli yaliyobeba klasi za watu ndani yakagoma siku ya kwanza. Nawaunga mkono kabisa. Ila aliyeweka data yake huko alikuwa ameifunga kwenye kitu ambacho siku yoyote mtu wa usalama atasema kifungwe, na atakuwa sahihi.

Linganisha na SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Toleo la 3 lilitoka 2004, na faili la mwaka huo unalifungua leo kwa SQLite ya leo, waliolitengeneza wamesema wanakusudia kulisapoti mpaka 2050, na maktaba ya bunge la Marekani imeliweka kwenye orodha ya mifumo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data. Linadumu kwa sababu halina jina la klasi yako wala moduli yako ndani, lina majedwali, namba na maandishi, na umbo la faili limeandikwa kwenye nyaraka za wazi baiti kwa baiti, mtu wa lugha yoyote anaweza kulisoma.

Kwa hiyo mgawanyo wangu uko hivi, pickle itumike pale ambapo mwandishi na msomaji ni programu moja, toleo moja, siku moja: kupeleka data kati ya michakato ya `multiprocessing`, kuhifadhi matokeo ya muda ambayo ukiyafuta unayakokotoa upya. Kikishavuka hapo, kikatakiwa kuishi kuliko toleo la programu lililokiandika, geuza klasi iwe kamusi ya kawaida, weka namba ya toleo, andika JSON (maandishi ya kawaida yenye majina na thamani) au SQLite, modeli peleka ONNX au safetensors (mifumo ya kuhifadhi modeli isiyotegemea klasi zako). Na JSON nayo isichukuliwe kama muujiza, haina tarehe, tuple itarudi kama orodha, ufunguo wa namba kwenye kamusi utarudi kama stringi, na namba nzima ikizidi 9,007,199,254,740,992 JavaScript inaweza kukubadilishia tarakimu za mwisho bila kukuambia, kwa hiyo namba ndefu za miamala ziandikwe kama stringi. Faida yake ni kwamba ikiharibika unaiona kwa macho.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho timu karibu zote zinaruka, kuweka mafaili halisi ya zamani ndani ya testi. Kila unapotoa toleo, hifadhi faili moja dogo la data lililoandikwa na toleo hilo, liweke kwenye folda ya testi, usiliguse tena, na testi ijaribu kuyafungua yote na kulinganisha thamani moja moja. Siku mtu akibadilisha jina la moduli atajua dakika ile ile, kabla data ya wateja haijaguswa.

Na kwa walio na folda la pickle za Python 2 mahali, mashirika bado wanazo, vyuo bado wanazo, toleo la mwisho kabisa la 2.7.18 lilitoka Aprili 2020 na bado unaweza kuliendesha ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) bila intaneti. Fungueni huko huko kwenye Python 2 na msimbo wa zamani ukiwepo, maana hapo stringi bado zina maana yake ya asili na klasi bado zipo kwenye majina yao, toeni JSON huku uga wa baiti mkiuweka base64 (baiti zilizoandikwa kwa herufi za kawaida) na wa maandishi mkiuweka UTF-8, hesabuni rekodi za pande zote mbili, chagueni majina yenye ng' na mengine yenye alama myaangalie kwa macho, na pickle zenyewe zibaki kwenye bakapu pamoja na msimbo ule wa zamani, folda moja.